Vifungio vya robo mzunguko vya feringi ya sakiti, nichukue vya aina gani?

sangara600 (Mwanza)

Wakuu habari za jioni, heshima kwenu. Nina Honda CBR600RR ya 2007 nimeamua sasa iwe ya sakiti tu, barabarani haitoki tena. Taa nimetoa, indiketa nimetoa, vioo na stendi ya pembeni vimeondoka. Mwakani kuna jamaa zangu wa Kenya wananiita kwenye siku yao ya kukimbiza kwenye lami so mpango ni kuipakia kwenye pikapu nipite Sirari. Feringi (yale magamba ya nje ya pikipiki) za plastiki za original nimeziweka stoo maana zile ukidondoka nazo mara moja bei yake utakaa chini, nimetengenezewa za faiba na mafundi wa boti pale Kirumba, walichukua moldi kwenye zile zile za original na aisee zimetoka vizuri, ya juu kipande kimoja, ubavu wa kushoto na kulia na tumbo la chini vimeunganishwa kikawa kipande kimoja.

Sasa ishu ni kwamba hazina tundu hata moja na sitaki kurudia bolti za aleni na zile klipu za plastiki za kusukuma, ukitaka kucheki oili tu unafungua vitu mpaka jua linazama na klipu mbili lazima zipotee. Nataka vile vya kuzungusha robo, kachaa! feringi inatoka. Nimeingia mtandaoni nimechanganyikiwa zaidi, kuna za alminiamu za kila rangi, za chuma, za stenlesi, vichwa vya mfereji wa bisibisi, vya aleni, vya pete ya kukunja unazungusha kwa vidole, halafu urefu sasa, 14, 17, 19, wengine wanauza pini bila springi. Faiba yangu nayo unene hauko sawa, kuna sehemu milimita 2 kuna sehemu inakaribia 4.

Nichukue aina gani, urefu nitajuaje, na ziwe ngapi? Bei nitapambana nayo, sitaki tu ninunue mara mbili.

---

Ngosha_wa_Igoma

Mwangaluka ngosha. Mimi naona unajitafutia makuu, bolti M6 (za milimita 6) na nati za kuriveti umemaliza. Au kama unataka ya haraka si uchukue zile za bampa za gari zenye raba ya duara, Kariakoo wanazo mpaka za kumwaga, watu wa Altezza wanafunga bampa nazo miaka yote.

---

mzee_wa_spana (Nyakato)

Ngosha za bampa hapana. Zile raba zake za duara hazipendi joto na tumbo la hiyo Honda liko pua kwa pua na bomba la ekzosi, zikishaiva zinakatika zenyewe, halafu vichwa vyake vimetoka nje kama uyoga, pikipiki ikilala upande kwenye lami kichwa ndio kinagusa kwanza na kinang'oa na kipande cha faiba. Bampa ya gari inakaa tuli, feringi kwa spidi ya 200 upepo unaivuta na injini inaitikisa muda wote, ni kazi mbili tofauti.

sangara600 nikujibu taratibu maana umeuliza vizuri.

Hivi vya robo mzunguko vipo vya familia mbili kubwa. Ya kwanza ndiyo wengi wanaita Dzus, jina la yule Mmarekani mzaliwa wa Ukraine, William Dzus, aliyevibuni miaka ya 1930 kwa ajili ya kufunga paneli za ndege. Pini yake ina mfereji uliopinda kwenye ncha, upande wa pili kuna waya mnene wa springi umerivetiwa kwenye braketi. Unasukuma pini, mfereji unaumeza ule waya, ukizungusha nyuzi 90 mfereji unaupandisha waya juu, unausikia unakaza kaza, halafu mwishoni kuna kijishimo kidogo waya unadumbukia na ule mlio wa "tak". Ule mlio ndio kufuli yenyewe. Kama hausikii tak hujafunga, hata kama kichwa kimekaa sawasawa na kinapendeza.

Familia ya pili ni ya aina ya Camloc, pini ina kijiti kimepita kati kwa kati na springi yake iko kwenye pini yenyewe, inaingia kwenye kikombe chenye ngazi. Ni nzuri sana ila ni ghali na inataka vipimo, kuna mtu wa hanga la ndege huwa anapita humu atakuelezea kuliko mimi.

Kwa pikipiki yako chukua familia ya kwanza, ya chuma. Usidanganyike na alminiamu za rangi. Pini ya alminiamu inasuguana na waya wa chuma, sasa nani ataliwa? Mfereji unapanuka kidogo kidogo, ile tak inafifia, siku moja unazungusha inaenda tu laini kama hakuna kitu. Kwa anayefungua feringi mara mbili kwa mwaka alminiamu itamfaa, wewe wa kufungua kila jioni chuma. Stenlesi pia sawa lakini hapa kwetu huihitaji kihivyo, ziwa letu maji baridi, sio Dar ambako chumvi ya bahari inakula kila kitu, chuma chenye zinki kitadumu ukikifuta na kitambaa chenye oili.

Kichwa chukua cha mfereji wa bisibisi kilicholala bapa. Zile za pete ya kukunja zinapendeza kwenye picha. Zina raha yake ukiwa kwenye banda maana hutafuti bisibisi, ila pete ikichoka springi yake inaanza kusimama yenyewe na upepo, na goti la suti linaikwangua. Mimi huwa nafunga mbili za pete sehemu zilizojificha nyuma ya goti na zote zilizobaki bapa. Sarafu ya shilingi 200 ukiitia kwenye mfereji inafungua, bisibisi sio lazima.

Urefu ndio penyewe, subiri nifunge geti nitarudi.

---

sangara600

Shukrani mzee shikamoo. Hiyo ya sarafu nimeipenda. Nasubiri ya urefu.

---

mzee_wa_spana (Nyakato)

Marahaba. Haya.

Watu wengi wanapima unene wa feringi peke yake halafu wanaagiza. Pini haijui feringi yako, pini inapita kwenye kila kilicho katikati ya kichwa chake na ule waya. Kwa hiyo unapanga vitu vyote: faiba, washa ya raba kama utaweka, chuma cha braketi, halafu kimo cha springi yenyewe toka ilipokaa hadi kwenye waya. Hicho kimo muuzaji makini anakiandika kwenye jedwali, asiyekiandika muulize, akishindwa kujibu nunua kwingine.

Tuseme faiba 2.5, raba ikishabanwa inabaki 1, braketi 2. Hapo una 5.5. Springi tuseme ina kimo cha 8, jumla 13.5. Utachukua ya 14, sio ya 13. Sababu ni hii, ikiwa ndefu kidogo inalegea, unaongeza washa nyembamba chini ya kichwa inakaza. Ikiwa fupi haina dawa, waya unavutwa kupita kiasi, utazungusha kwa nguvu zote haifiki kwenye kijishimo, ukilazimisha unapinda waya au unapasua faiba. Ndefu inarekebishika, fupi unarudisha dukani.

Na hizo namba 14, 17, 19 unazoziona usizifananishe duka kwa duka. Huyu anapima toka chini ya kichwa mpaka ncha, yule anapima mpaka kwenye kijishimo, mwingine hiyo 17 yake wala sio urefu ni upana wa kichwa. Nunua pini na springi kwa mtu mmoja seti moja. Wanaouza pini bila springi achana nao.

Sasa faiba yako iliyo 2 huku na 4 kule, usiagize pini za urefu mbili tatu utachanganyikiwa siku ya siku uko uwanjani unahangaika ipi ya wapi. Sawazisha unene sehemu za matundu tu ziwe sawa, wa faiba watakwambia namna.

---

fundi_hanga (Mwanza)

Nimeitwa nimekuja. Mzee wa spana kamaliza karibu yote, naongeza ya upande wangu kidogo.

Kwenye ndege ndogo paneli za kufunika injini zinafunguliwa kila ukaguzi, ndio maana hivi vifungio vilizaliwa huko. Kwa hiyo Camloc kwetu ni chakula cha kila siku na nitasema ukweli kwa pikipiki ni anasa. Pini zake zinapanda kwa hatua ya elfu 30 za inchi, yaani kama milimita 0.76, kila hatua ina namba yake. Unapima unene wa paneli na fremu, unasoma jedwali, unachukua namba. Ukiwa na faiba ya kumwaga kwa mkono ambayo unene unabadilika kila sentimita utahitaji namba tofauti kila tundu. Waya wa Dzus unasamehe zaidi.

Kitu ambacho watu wa pikipiki hawakifanyi na sisi tunakifanya ni mwelekeo. Unaporiveti springi angalia waya umelala upande gani, maana mfereji wa kichwa ukishafunga utategemea hapo. Panga springi zote ili zikiwa zimefungwa mifereji yote ilale kwenda mbele na nyuma. Halafu chora kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa kuvuka mpaka kwenye feringi. Unapita mara moja na macho kabla ya kuwasha, mstari uliokatika unaonekana toka mita mbili, huna haja ya kushika moja moja.

Kingine, pini ziwe na kizuizi nyuma, kuna washa ya plastiki au ya chuma yenye meno inavaliwa kwenye shingo ya pini ili ukifungua ibaki kwenye feringi. Pini iliyodondoka ikaingia kwenye trei ya oili au kwenye mnyororo ni kesi nyingine kabisa. Na usitoboe tundu la feringi likaibana pini, acha ielee milimita moja hivi pande zote, faiba inatanuka na joto na fremu inajipinda kwenye kona, ukibana tundu ndio nyufa zinaanzia hapo.

---

Ngosha_wa_Igoma

Rangi ya kucha tena. Nitaomba kwa mama watoto 😂

Haya lakini mbona hamjibu nati za kuriveti? M6 haitoki.

---

fundi_hanga (Mwanza)

Haitoki kweli, na feringi ya juu kwenye kile chuma cha mbele aweke hizo hizo bolti. Ile haifunguliwi mara kwa mara na ndiyo inapigwa upepo wa kwanza. Kioo cha mbele nacho skrubu za nailoni, ukianguka zikatike zenyewe kioo kibaki kizima.

Ila tumbo na ubavu ndio vinafunguliwa. Siku za sakiti kuna ukaguzi, mkaguzi anataka kuona bolti ya kumwagia oili na filta vimefungwa waya wa usalama, vyote viko nyuma ya tumbo. Unasimama kwenye foleni na aleni mkononi unafungua bolti kumi na wenzako wanakungoja nyuma.

---

binti_wa_boti (Kirumba)

Hamjambo wote. Hiyo kazi ya faiba inawezekana nawajua walioifanya 😄 sio mimi lakini tuko jirani. Kaka sangara hebu sema ukweli waliweka mati (ule mkeka wa nyuzi za faiba) ya ngapi? Gramu 300 au 450 kwa mita ya mraba? Na tabaka ngapi?

---

sangara600

Dada waliniambia 300 tabaka mbili, kwenye kona wakaongeza. Rangi ya nje jelikoti nyeupe. Ndani nyuzi zinaonekana na mikono ukishika inawasha.

---

binti_wa_boti (Kirumba)

Sawa, tabaka mbili za 300 kwa feringi ni nyepesi na inatosha kwa mwili wa feringi, ila kwa tundu haitoshi, tundu lolote la kubeba nguvu lazima liongezewe. Sisi kwenye boti sehemu ya kufungia injini au kleti ya kamba haiachwi na unene wa ubavu hata siku moja.

Fanya hivi. Usitoboe kwanza. Weka alama mahali matundu yatakapokaa, kisha kwa ndani piga msasa namba 80 duara la kama sentimita 6 mpaka ule ung'aavu uishe, futa vumbi, futa na asetoni. Kata viraka vya mati 450, cha kwanza kidogo cha pili kikubwa kikifunike, viwili vinatosha, sehemu iliyo nyembamba weka vitatu. Resini ya poliesta ile ile, hadina (ile ya kugandisha resini) asilimia 1 hadi 2 na kwa joto la hapa kwetu mchana kaa karibu na 1, ukizidisha inachemka mkononi hujamaliza hata kiraka cha pili na inakuwa ngumu ila inavunjika vunjika. Fanya asubuhi au jioni. Tumia brashi kwa kudundadunda usipake kama rangi ya ukuta, unatafuta viputo vya hewa vitoke, mati ikishiba resini inageuka inakuwa kama haina rangi unaona mpaka chini, pale peupe peupe ni pakavu hapajashiba.

Hiyo ya unene kuwa sawa ambayo mzee anaisema, ukitaka kila tundu liwe milimita 4 kamili, kabla resini haijakauka weka karatasi ya nailoni juu ya kiraka halafu kibao kidogo bapa, bana na klampu huku umeweka vipande vya chuma vya milimita 4 pembeni kama kizuizi. Kesho ukifungua utakuta bapa na unene ule ule. Braketi nayo inakaa vizuri haichezi.

Kutoboa, bandika masking tepu nje na ndani, anza upande wa nje wenye jelikoti, biti ndogo ya milimita 3, nyuma shikilia kipande cha ubao, kisha malizia na biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua. Drili ikimbie kasi na wewe usikandamize. Ukikandamiza jelikoti inapasuka vipande vidogo pembeni mwa tundu. Halafu watu wanasahau hii, ukishatoboa pakaa resini kwa brashi ndogo kwenye kingo za tundu lenyewe, zile nyuzi zilizokatwa zinanyonya maji na oili na baada ya muda pananyanyuka kama mkate uliolowa. Vaa barakoa na mikono mirefu tafadhali, vumbi la faiba kwenye mapafu halitoki.

Hii yote ni kwa faiba. Kama kuna mtu anasoma hapa ana feringi za plastiki za original asijaribu, resini ya poliesta haishiki vizuri kwenye plastiki ile, itabanduka yote kama ganda.

---

mzee_wa_spana (Nyakato)

Asante binti, hapo ndipo wengi wanapotelea, wanalaumu pini kumbe faiba ndio imetoa pini.

Naongezea namna ya kupata mahali pa tundu maana hilo nalo linasumbua. Funga springi zote kwenye braketi kwanza, kwenye pikipiki. Ingiza pini bila feringi, kila moja ndani ya springi yake kinyumenyume ncha itazame nje, au kama haikai tumia kipande cha bolti kilichochongwa ncha kinachobana kwenye tundu la braketi. Paka ncha grisi yenye rangi au lipstiki. Vaa feringi taratibu ikae mkao wake, mbele imeshikwa na bolti za juu, msaidizi ashike nyuma, sukuma. Ukitoa unaona alama ndani. Hapo unahamisha alama na kutoboa. Ukianza kutoboa feringi kwanza ndio urekebishe braketi ifuate, utaukuta usiku hujamaliza na hakuna tundu hata moja lililo sawa.

Braketi tumia bapa la alminiamu la milimita 2 au chuma cha 1.5. Za original nyingi unaweza kutumia zile zile, toa nati ya klipu uweke springi. Riveti ni za 3.2, upande wa faiba weka washa nyuma ya riveti, usirivetie springi moja kwa moja kwenye faiba bila washa maana kichwa cha riveti ni kidogo kitapenya. Hii inakuhusu kama utafunga kipande na kipande pale ubavu unapokutana na ya juu, hapo hakuna braketi, springi inakaa kwenye faiba yenyewe.

Idadi uliyouliza. Kwa umbo uliloeleza ningeweka mbili kila upande pale ubavu unapokutana na ya juu, moja kila upande katikati kwenye braketi ya injini, mbili za nyuma karibu na fremu na moja ya mbele chini ya rejeta. Nane au tisa jumla hapo umetulia, nunua seti ya kumi ili ubaki na akiba. Usiweke kumi na nne ukidhani unaongeza usalama, kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa.

---

sangara600

Mzee hapo nimekuelewa vizuri kabisa. Swali la mwisho kabisa, tumbo nimesikia linatakiwa liweze kubeba oili, je matundu ya chini ya vifungio si yatavujisha?

---

fundi_hanga (Mwanza)

Swali zuri. Kanuni za FIM (shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki) za mbio za lami zinataka feringi ya chini iweze kushika angalau nusu ya jumla ya oili na maji ya injini ikiwa injini itapasuka, na si chini ya lita 5. Siku za kujikimbizia tu kila mwandaaji ana masharti yake ila wengi wanafuata mwelekeo huo huo, oili ikimwagika kwenye lami anayekuja nyuma yako ndiye anaumia. Kwa hiyo chini kabisa kwenye sakafu ya tumbo usiweke kifungio hata kimoja, zote ziwe juu ubavuni. Ile ya mbele chini ya rejeta ipandishe iwe juu ya usawa wa lita hizo tano. Ukitaka kuhakikisha, ning'iniza tumbo kwenye mkao wake, mimina maji lita tano kwa ndoo utizame yanaishia wapi, chora mstari.

Kuna na matundu ya mvua, kanuni zinaruhusu yasizidi mawili ya milimita 25 yenye vizibo, kukiwa kukavu yamezibwa, mvua ikinyesha unatoa vizibo maji yasijae ndani. Toboa hayo mapema na vizibo vya raba vipo madukani.

Na maji ya rejeta, toa kulanti yenye glaikoli weka maji matupu kabla hujaenda, glaikoli ikimwagika kwenye lami inateleza vibaya na haikauki haraka, sakiti nyingi hawakuruhusu nayo kabisa.

---

binti_wa_boti (Kirumba)

Kama umeamua kupima na maji basi pima kabla ya kupiga rangi, ukiona panatoa unyevu kwa nje ni viputo, pakaa resini kwa ndani tabaka moja nyembamba. Sisi boti zote tunazipima hivyo kabla ya kuziingiza ziwani.

---

Ngosha_wa_Igoma

Nimesalimu amri. Mzee hizo seti za chuma nyie mnazitoa wapi maana hapa Mwanza sijaona, na hata mimi kuna pikipiki yangu ya XL ile kava ya betri inanisumbua.

---

mzee_wa_spana (Nyakato)

Dukani hapa hutazikuta, tunaagiza, mara nyingi zinapitia Dar kwa ajenti halafu basi la usiku. Ukiagiza andika wazi kwenye oda pini pamoja na springi pamoja na kizuizi, vitu vitatu, na riveti utanunua hapa hapa. Ukipokea mzigo usiusaini kabla hujafungua, chukua pini moja na springi moja, zifunge mkononi kwenye kipande cha bati lenye unene wako uliopima, usikie ile tak. Zungusha fungua funga mara nyingi hapo hapo kwenye kaunta. Kama inalegea toka siku ya kwanza rudisha hapo hapo.

Kava ya betri ya XL mbona hiyo moja tu inatosha, njoo nayo Nyakato nina moja imebaki kwenye kopo. Na sangara600 biti ya ngazi ninayo, usinunue, njoo jumamosi baada ya saa nane mchana nitakuwa nimepumzika, beba na tumbo lenyewe tuone hizo braketi zimekaaje.

---

sangara600

Sawa mzee nakuja, nitapita Kirumba kwanza nichukue mati ya 450 na hadina. Dada nusu kilo ya mati inatosha viraka vya matundu tisa?

---

binti_wa_boti (Kirumba)

Inatosha na itabaki nyingi. Mita moja ya mraba ya 450 ni gramu 450, wewe viraka vyako vyote havifiki hata robo ya mita. Nunua nusu mita uwe na ya kurudia. Resini ndio chukua kilo moja kamili, inaisha kwa haraka kuliko unavyofikiri, mati ya aina hii inakunywa mara mbili ya uzito wake au zaidi na nyingine inabaki kwenye kopo na brashi. Na asetoni usisahau, brashi ikikauka ni ya kutupa.